Kupewa dhamana si kushinda kesi

Juzi tena jirani, msomi kabisa, kanisimamisha: "Wakili, yule mwizi tuliyempeleka polisi mbona yuko mtaani? Mmeshakula naye?" Swali hili nimechoka kulijibu kwa mdomo, na nalichukia kwa sababu moja kubwa: watu wamepigwa hadi kufa kwa imani hiyohiyo kwamba mahakama imewaachia.

Aliyepewa dhamana hajasamehewa. Kesi iko palepale na tarehe kapangiwa. Asipotokea, hakimu anatoa hati ya kumkamata, na wadhamini wanaitwa waeleze kwa nini wasilipe fedha waliyoisainia. Kilichobadilika ni mahali anapolala akisubiri kusikilizwa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inapiga marufuku kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike ana hatia, na haki hiyo imo tangu mabadiliko ya 1984.

Ya kituoni nayapita haraka. Dhamana ya polisi hailipiwi. Anayekudai hela ili ndugu yako atoke anakuibia. Nenda na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa.

Sasa niseme kinachonikera zaidi, yaani "makosa yasiyo na dhamana". Watu wanadhani mtu akinyimwa dhamana basi ushahidi dhidi yake ni mzito. Hapana! Katika kifungu tulichokizoea kwa namba 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachoamua ni jina la kosa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Utakatishaji ukishaandikwa kwenye hati ya mashtaka, mshtakiwa anaweza kuwa mama anayenyonyesha, mwenye nyumba, familia na kazi ya miaka mingi katika mji uleule, na hakimu asiruhusiwe kuyapima hayo hata kidogo. Na hati inaandikwa na nani? Na upande wa mashtaka, ambao ndio unaotaka afungwe. Kisha kila baada ya wiki mbili anapandishwa kizimbani kuambiwa upelelezi haujakamilika, asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo ya chini haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Inaweza kupita miaka. Siku moja DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, anasema hana nia ya kuendelea, mtu anarudi nyumbani, na hakuna wa kumrudishia miaka ile.

Mahakama zetu zimelipigania jambo hili. Katika kesi ya Daudi Pete, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mahakama ya Rufani ilifuta kipande cha kifungu hichohicho kwa kuwa kilikuwa kipana mno: kilimnasa hata asiye hatari kwa yeyote, wala hakikuweka utaratibu wa kumsikiliza. Mwaka 2018, katika kesi ya Jeremia Mtobesya, ikaondoa hati ya DPP iliyokuwa ikizuia dhamana kwa saini yake tu. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, ikasema 148(5) inakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Nauheshimu uamuzi huo na ndio ninaoufuata ninapofanya kazi, lakini sioni orodha ile inavyopona kwenye kipimo cha Pete.

Kuna mahali nasita, na sitaki kulificha hilo. Tuseme mtu kashtakiwa kwa kumbaka mtoto wa jirani, akapata dhamana, akarudi nyumba ya pili kutoka kwa mtoto yule. Vitabu vinasema masharti yanatosha: asimkaribie mtoto, asiongee na mashahidi. Nani atayasimamia masharti hayo kijijini, ambako kisima ni kimoja na njia ni moja? Mama wa mtoto akiniuliza hivyo, sina jibu la kumtuliza.

Hata hapo bado nataka uamuzi uwe wa hakimu, baada ya kumsikia mama huyo, mpelelezi na mshtakiwa mwenyewe, na sababu zake ziandikwe ili aliyeona ameonewa azipeleke Mahakama Kuu.