Gari limelala, betri iko macho

Mama mmoja wa Tabata alirudi kutoka Muscat, alikokaa miezi mitatu akimlea binti yake aliyejifungua, akakuta Noah yake haitoi hata mlio. Aliponipigia simu hakuniacha nimalize salamu. "Marahaba, marahaba. Fundi, hii ni betri ya tatu ndani ya miaka miwili. Niambie ukweli, unaniuzia mabovu?"

Nilipofika nikaweka mita kwenye vichwa vya betri: volti 10.9, yaani imeisha kabisa. Juu ya dashibodi palikuwa na kipaneli cha sola chembamba, ukubwa wa daftari, alichonunua Kariakoo kabla ya safari ili kilinde betri. Kitaa chake kilikuwa kinamweka kama kawaida, na waya wake umechomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Mwenye gari yeyote angeona kila kitu kiko sawa.

Kumbe kwenye Toyota nyingi tunazoendesha huku, tundu lile hukatika umeme ukishatoa ufunguo. Kipaneli kilikaa miezi mitatu kikimweka peke yake, hakuna hata tone lililofika kwenye betri. Ukitaka kujua gari lako liko upande gani, chomeka chaji ya simu pale, zima gari, toa ufunguo. Simu ikiacha kuchaji, basi tundu hilo halifai kwa kazi hii. Magari kadhaa ya Ulaya huliacha tundu likiwa hai muda wote, ndiyo maana vipaneli hivi husifiwa na wenzetu wa huko na hapa vinatuangusha.

Hata tundu lingekuwa hai, kipaneli kile kingehangaika. Kimeandikwa wati 1.5, yaani miliampea 80 hivi (elfu moja ndiyo ampea moja) jua likiwa kali na likikipiga moja kwa moja. Weka kioo cha mbele, ongeza tinti, ongeza kwamba kimelala huku jua likiwa nyuma ya nyumba nusu ya siku, kinabaki na nguvu za kuwasha kitaa chake.

Ila kabla ya kuzungumzia paneli gani inafaa, kuna swali ambalo wateja wengi hawaniulizi: gari linakula kiasi gani likiwa limelala? Gari lililozimwa halijazimika. Saa inatembea, alamu inasikiliza rimoti, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu zake, na siku hizi kuna traka inayotuma mahali gari lilipo. Gari lenye afya hula kati ya miliampea 20 na 50. Kinachozidi hapo kina sababu, na sababu hiyo itafutwe kwanza, maana ukifunga paneli juu ya waya unaovuja utakuwa unajaza ndoo iliyotoboka.

Kupima si kazi ngumu, inataka subira tu. Unafungua kichwa cha hasi, unaiweka mita katikati ya kichwa hicho na waya wake, kwenye alama ya ampea 10. Kufuli la mlango unalibonyeza kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, kisha unakwenda kunywa chai. Nusu saa nzima, kwa sababu zile kompyuta hazilali palepale. Na ufunguo ukae mfukoni mwako, si kwa mtoto wa jirani. Nilipokuwa bado najifunza kazi, mwenzangu alijisahau akapiga stata mita ikiwa pale. Stata inavuta zaidi ya ampea 100. Mita ilitoa moshi, na fundi mkuu akatukata posho sote wawili.

Noah ya mama ilisoma miliampea 110. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja nikiangalia namba. Ilipotoka ya redio ikashuka hadi 48. Aliyefunga ile redio mpya alikuwa ameunganisha nyaya zake zote mbili kwenye umeme wa moja kwa moja, ikawa haizimiki kabisa, inajificha tu. Nikarudisha waya mmoja kwenye swichi, kazi ya dakika kumi.

Sasa tupige hesabu. Miliampea 110 kwa saa 24 ni ampea-saa 2.64 kwa siku; ampea-saa moja ni ampea moja ikitoka kwa saa nzima. Betri yake ni NS70, yaani ampea-saa 65. Nusu yake inakwisha ndani ya siku 12, na mama alikaa siku 90. Baada ya redio kurekebishwa, gari linakula 1.15 kwa siku, nusu inakwenda kwa siku 28. Bora zaidi, lakini bado Muscat ni mbali.

Kwa nini ninaishika hiyo nusu? Betri ya risasi iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au 12.7. Ikifika 12.4 robo imekwenda, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo tu. Kila inavyotoa umeme, pleti zake hupata utando wa salfeti ya risasi. Ukichaji mapema utando huo huyeyuka. Ukiuacha wiki na miezi unakuwa kama ukoko kwenye sufuria: leo ungetoka kwa maji, kesho unataka nyundo. Betri ya namna hiyo itaonyesha volti nzuri baada ya kuchajiwa, kisha ukipiga stata inaanguka. Ndivyo zilivyokufa zile mbili za kwanza, na hii ya tatu ilikuwa njiani. Niliichaji kwa umeme wa ukutani usiku kucha na zaidi, kwa bahati ikarudi. Paneli ndogo isingeweza kuifufua, wala usiinunue kwa matumaini hayo. Inafungwa kwenye betri nzima iliyojaa.

Wapo wanaomwachia mlinzi ufunguo awashe gari dakika kumi kila Jumamosi. Kwa gari linalokula miliampea 48, wiki moja ni ampea-saa 8. Altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, ikirudisha hata ampea 15 kwa dakika kumi, umepata 2.5. Kila Jumamosi unabaki na deni, na injini haijapata joto la kutosha hata kukausha maji kwenye ekzosi. Njia hiyo siipendi.

Njia ninayoipenda kuliko zote haina sola: spana namba 10, fungua kichwa cha hasi, isogeze pembeni, nenda zako. Betri iliyojaa ikikaa bila kuguswa hupungua taratibu, ingawa joto letu huiharakisha, na miezi miwili mitatu huvumilia. Utapoteza stesheni za redio na saa. Kama gari ni la rimoti, hakikisha unajua ufunguo wa chuma wa mlango uko wapi kabla hujafungua spana. Ninawaambia wateja hivi wazi ingawa sina ninachouza hapo. Paneli inakuja pale ambapo gari lazima libaki na umeme, na mama alikuwa na mkataba wa traka. Traka ikizimika, simu za wenye traka zinaanza.

Nilimfungia paneli ya wati 20. Wati 20 kwenye jua kamili hutoa ampea 1.1 hivi. Dar tunapata sawa na saa tano za jua kamili kwa siku nzuri, kwa hiyo 5.5. Mimi huikata nusu palepale kwa ajili ya vumbi, joto la paneli na mawingu ya kawaida, inabaki 2.7. Siku za masika naikata tena nusu, inabaki 1.3 na kidogo. Gari linakula 1.15, na kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji, yenyewe inakula miliampea kama 10, yaani robo ampea-saa kwa siku. Unaona masika mvua zikifululiza tunakuwa karibu sawa kwa sawa, na jua la siku mbili linarudisha kilichopungua. Ningeweka ya wati 5 ingetoa 0.7 kwa siku ya kawaida. Ingechelewesha msiba tu.

Kontrola haikwepeki kwa paneli ya ukubwa huo. Paneli ya "volti 12" isiyo na mzigo hutoa volti 21. Betri ikishajaa na hakuna wa kuizuia, maji yanachemka na kukauka wakati mwenye gari yuko ughaibuni. Kontrola ya kawaida ya bei nafuu, ile ya PWM, inatosha kabisa. Usishawishiwe kununua ile ya ghali zaidi, MPPT, kwa wati 20. Iambie ni aina gani ya betri, ya maji au iliyozibwa, halafu uhakikishe kwa mita kwamba betri ikijaa inatulizwa kwenye 13.5 mpaka 13.8. Kontrola pia huzuia umeme kurudi kwenye paneli usiku.

Kwenye kufunga, betri iunganishwe na kontrola kwanza, paneli baadaye, na siku ya kufungua paneli itoke kwanza. Waya mwekundu unakwenda kwenye kichwa cha chanya, na fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na kichwa hicho, isizidi shubiri moja. Fyuzi iliyowekwa mwisho wa waya kule kwenye kontrola hailindi kitu, kwa sababu moto unaanzia kwenye betri. Waya mweusi naufunga kwenye bolti ya bodi. Magari mapya yana kihisi kwenye kichwa cha hasi, ukiunga pale unakidanganya hesabu zake.

Paneli sikuiweka kwenye gari. Gari lilikuwa chini ya banda la bati na libaki hapohapo, kwa sababu joto linaua betri haraka kuliko kitu kingine huku pwani. Paneli nikaipandisha juu ya bati, mita tano za waya wa milimita za mraba 2.5, uleule wa nyumbani, upotevu hata sehemu ya kumi ya volti haufiki. Nikaiinamisha kidogo kuelekea kaskazini, maana mwezi wa sita jua la mchana hapa kwetu liko nyuzi 30 upande huo. Kuinamisha kwenyewe ni kwa ajili ya mvua kuosha vumbi zaidi ya kitu kingine.

Wenye haiburidi, magari ya injini na mota ya umeme pamoja, huuliza kama paneli hii itachaji ile betri kubwa. Hapana. Inatunza ile ndogo ya volti 12, ambayo ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa.

Mama akasafiri tena mwezi wa saba. Nilipita Tabata mwezi wa pili wa safari yake kuangalia, nikakuta mita inasoma 12.4. Nikapima kontrola, nzima. Fyuzi nzima. Nikapanda ngazi. Juu ya paneli mlinzi alikuwa ametandaza gunia, na juu ya gunia makopa yake ya muhogo, meupe, yamepangwa vizuri.

"Mzee, hapa umeanika tangu lini?"

"Wiki mbili sasa. Si ndiyo penye jua zuri, fundi?"

Sikuwa na la kubisha. Tukahamishia makopa upande wa pili wa bati, nikaifuta paneli kwa kitambaa chenye maji. Wiki mbili baadaye nilipita alfajiri jua halijatoka, mita ikasoma 12.7.