Grafu ya mtawanyiko na korelesheni: kutazama vigeu viwili kwa pamoja

Chukua kundi la watu, mpime kila mmoja kimo na uzito. Sasa kila mtu ana namba mbili. Kimo kiwe kwenye mhimili wa x, uzito kwenye mhimili wa y, kisha kila mtu mweke kama nukta moja pale namba zake zinapokutana. Hiyo ndiyo grafu ya mtawanyiko. Nukta haziunganishwi kwa mstari, maana kinachotafutwa ni umbo la kundi zima.

Kundi likipanda kuelekea kulia, vigeu (yaani vile vitu viwili vilivyopimwa) vina uhusiano chanya: penye kimo kikubwa, mara nyingi na uzito huwa mkubwa. Likishuka, uhusiano ni hasi, kama ule wa mwinuko wa mahali na shinikizo la hewa. Nukta zikitapakaa ovyo, kujua kigeu kimoja hakukusaidii kukisia kingine.

Korelesheni hujaribu kulifupisha umbo hilo kwa namba moja, r, ambayo haishuki chini ya -1 wala haizidi 1. Wazo lilianzia kwa Francis Galton, Mwingereza aliyelinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao katika miaka ya 1880. Kanuni tunayoitumia leo inabeba jina la Karl Pearson. Kanuni yenyewe haitishi. Kila nukta huulizwa iko mbali kiasi gani na wastani wa x, na mbali kiasi gani na wastani wa y, kisha namba hizo mbili huzidishwa. Nukta iliyo juu ya wastani kotekote, au chini kotekote, huchangia namba chanya. Iliyo juu huku na chini kule huchangia hasi. Jumla yake hugawanywa kwa kipimo cha mtawanyiko wa vigeu vyote viwili, na hapo vizio hutoweka. Pima kwa sentimita au kwa inchi, r ni ileile.

Tatizo ni kwamba r inaujua mstari ulionyooka tu. Chukua x kuanzia -3 hadi 3 kwa namba nzima, na y iwe x mara x. Hapa x ikijulikana, y inajulikana bila shaka yoyote, lakini r ni 0 kamili. Anayesoma namba bila kuchora atasema hakuna uhusiano!

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11. Wastani wa x ni 9 kote, wastani wa y ni 7.5 kote, na r ni takribani 0.82 kote. Zichore. Ya kwanza ni mtawanyiko wa kawaida unaopanda, ya pili ni tao safi. Ya tatu ni mstari ulionyooka kabisa isipokuwa nukta moja iliyochomoka, na ya nne ina nukta kumi zilizosimama kwenye x moja, huku moja tu iliyo mbali ikizalisha uhusiano wote. Kwangu mimi, r iliyotolewa bila grafu yake ni habari nusu.

Namba hiyo hutegemea pia nani amepimwa. Alama za mtihani wa kuingia chuo zinaweza kuonekana hazihusiani sana na matokeo ya chuoni, kwa sababu waliopimwa ni waliofaulu tu na alama zao zinakaribiana. Waliokosa nafasi hawamo kwenye grafu.

Kuna na suala la chanzo, ambalo hata grafu nzuri hailimalizi. Ukipima watoto wa shule ya msingi, wenye viatu vikubwa husoma vizuri zaidi, na r itakuwa kubwa kweli. Mguu haufundishi kusoma. Umri ndio unaokuza vyote viwili. Dawa moja ni kuzipa nukta rangi kulingana na umri wa mtoto. Ukiangalia ndani ya rangi moja, yaani watoto wa rika moja, ule mwelekeo wa kupanda karibu wote unapotea.