Jasho jingi si kipimo cha kalori

Wengi wanaotembea kwa kasi kwa ajili ya mazoezi huamini kwamba kadiri jasho linavyomwagika ndivyo mafuta mwilini yanavyoyeyuka. Ndiyo maana wengine huvaa makoti mazito au kujizungushia nailoni tumboni. Imani hiyo ina msingi wake: misuli ikifanya kazi hutoa joto, na mwili hutoa jasho ili upoe. Lakini joto la hewa, unyevu na nguo huongeza jasho pia. Anayetembea Mombasa mchana atalowa kuliko anayetembea Limuru kwa mwendo uleule, ilhali nishati wanayotumia inakaribiana.

Kinachoamua zaidi ni uzito wako, kasi, muda na mwinuko wa njia. Kwa kasi ya kilomita 5.6 kwa saa kwenye tambarare, mwili hutumia takriban mara 4.3 ya nishati ya kukaa kimya. Zidisha 4.3 kwa kilo zako, kisha kwa saa ulizotembea. Mtu wa kilo 70 akitembea nusu saa atatumia kama kalori 150, na takriban 35 kati ya hizo angezitumia hata akiwa ameketi. Haya ni makadirio. Saa za mkononi nazo hukadiria tu.

Ukitaka kuhakiki suala la jasho, jipime uzito kabla na baada ya kutembea, kisha unywe maji ya kutosha na ujipime tena. Uzito uliopungua utarudi, kwa kuwa karibu wote ulikuwa maji. Na hayo makoti, tafadhali yaache nyumbani: joto likizidi, mtu huishiwa maji na anaweza kuzimia njiani.