Jilipe mwenyewe kwanza

Ukitaka kujua kama duka lako la mtandaoni linaaminika, acha kwanza habari za rangi na nembo. Fungua tovuti yako kwa simu, chagua bidhaa, fuata hatua zote mpaka pale linapotokea jina la anayepokea pesa. Lisome jina hilo kama mtu asiyekujua kabisa.

Ninatengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo hapa Dar es Salaam, wengi wanachukua mzigo Kariakoo, na oda nyingi huwa zinafia hapo kwenye jina la anayepokea pesa. Juu ya ukurasa kuna jina zuri la duka la viatu. Chini kuna namba ya kawaida ya simu, na mteja akiiingiza linatokea jina la shemeji wa mwenye duka. Mtu aliyezoea kupokea meseji za matapeli za "ile pesa tuma kwenye namba hii" hawezi kuendelea. Anafunga, na hakuambii kwa nini.

Dawa yake haina ufundi mkubwa. Sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, kisha omba Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, yenye jina lilelile la kwenye tovuti. Kando ya namba andika: "Kabla hujaweka namba ya siri litatokea jina hili. Likija jingine, usilipe, tupigie." Kwangu mimi mstari huo una kazi kuliko ukurasa mzima wa "Kuhusu Sisi".

Wateja wangu wengi huniulizia kufuli, ile alama ya kando ya anwani ya tovuti. Cheti cha usalama ni lazima, ndiyo. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinaitangaza tovuti isiyo nacho kuwa si salama, na shirika la Let's Encrypt linakitoa bure. Lakini cheti kinalinda tu taarifa zikiwa njiani. Hakisemi kama muuzaji ni mkweli, na tapeli naye anakipata kwa dakika chache. Mwaka 2023 Chrome iliondoa ile alama ya kufuli kando ya anwani kwenye kompyuta, kwa kuwa watu waliigeuza dhamana.

Bei iandikwe. "Bei njoo inbox" nawaachia wa Instagram. Aliyekuja hadi kwenye tovuti kakwepa hayo mazungumzo. Picha nazo upige mwenyewe, hata kwa simu, kiatu kikiwa ubavuni mwa futi ya fundi cherehani ili urefu wa soli usomeke. Kama ngozi ina mkwaruzo, uonekane.

Kwa mteja wa Mwanza au Mbeya, sema mapema nani analipia mzigo kwenye basi, na kwamba utamtumia picha ya risiti ya basi siku hiyohiyo. Saizi ikikosewa, nauli ya kurudisha ni ya nani? Hata kama jibu ni "ya mteja", liandike.

Halafu fomu. Kuna duka la ndala lililokuwa linataka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa! Omba jina, simu na mahali pa kupelekea mzigo, basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana uchukue kile tu unachokihitaji. Na ukibandika mrejesho wa WhatsApp, omba ruhusa ya mwenyewe kwanza na ufiche namba yake, maana mteja mpya anayeusoma anajua ya kwake ndiyo itakayofuata.