Nani kashinda mdahalo? Tunayoamini na yaliyopo

Nimekuwa jaji wa midahalo ya sekondari kwa miaka kadhaa: alama za hoja, alama za ushahidi, alama za sauti na mkao. Jioni ya Februari 11, 2013, wagombea wanane wa urais wa Kenya waliposimama jukwaani katika shule ya Brookhouse, Nairobi, nilikaa sebuleni na karatasi yangu ileile ya alama. Haikufika nusu saa nikaiweka chini. Shuleni mada ni moja, pande ni mbili, dakika ni sawa na jaji yupo. Pale walikuwa wanane, huyu anaulizwa hili na yule lile, na kila mtu pale sebuleni alikuwa na mshindi wake tangu kabla ya swali la kwanza.

Baadaye nikaanza kuokota kauli tunazozirudia kila baada ya mdahalo. Nyingi haziendani na yaliyotokea.

"Aliyeshinda mdahalo ndiye atakayebeba kura"

Mwaka huo wa 2013 Martha Karua na Peter Kenneth walisifiwa sana kwa majibu yao yaliyopangika. Machi 4 watu wakapiga kura. Kenneth alipata 72,786 na Karua 43,881, kati ya kura zaidi ya milioni 12. Mwalimu Mohamed Abduba Dida, aliyewavunja watu mbavu kwa vichekesho, alipata 52,848 na kumpita Karua. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07.

Je, Karua alishindwa mdahalo? Mimi nasema hakushindwa. Alishindwa uchaguzi, nao ni mchezo mwingine. Wengi waliokuwa mbele ya runinga usiku ule walishaamua kitambo kama wako Jubilee, muungano wa Uhuru, au CORD, muungano wa Raila Odinga, wakaja kumshangilia wao. Hata Marekani, kwenye midahalo mingi kuliko yetu, mambo ni hayohayo. Oktoba 3, 2012, kule Denver, asilimia 67 ya watazamaji waliohojiwa na CNN walisema Mitt Romney amemshinda Barack Obama. Mwezi uliofuata Obama akachaguliwa tena.

"Asiyekuja kaogopa, na mwoga hashindi"

Januari 2016 Yoweri Museveni hakwenda kwenye mdahalo wa kwanza wa wagombea wa Uganda. Alisema midahalo ni mambo ya wanafunzi (kauli iliyonichoma kidogo, nikikumbuka Jumamosi zangu zinavyokwisha). Wa pili, mwezi Februari, alikwenda. Tume ya uchaguzi ikamtangaza mshindi kwa zaidi ya asilimia 60, na sidhani kuna anayeweza kuonyesha kwamba mdahalo wowote kati ya hiyo miwili ulimwongezea au ulimpunguzia kura.

Kenya imetupa mfano mzuri zaidi, maana imetokea mara mbili kinyumenyume. Julai 2017 Uhuru hakutokea katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Raila Odinga akahojiwa peke yake. Agosti, Uhuru akatangazwa mshindi. Mahakama ya Juu ilifuta matokeo hayo Septemba 1, lakini kwa sababu za jinsi uchaguzi ulivyoendeshwa na matokeo kutumwa. Julai 2022, chuoni hapohapo, aliyekosekana ni Raila, na aliyesimama peke yake ni William Ruto. Safari hii aliyekuja ndiye aliyetangazwa mshindi, kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85.

La muhimu kwa anayetoa alama ni kwamba usiku kama huo haukuwa mdahalo. Yalikuwa mahojiano, na mpinzani wa mgombea alikuwa mwendeshaji. Ukimpa mtu alama za "kumzidi mwenzake" wakati mwenzake ni mimbari tupu, umejitungia alama.

"Waliosikiliza redio walimpa Nixon, waliotazama runinga walimpa Kennedy"

Hii imo katika kila semina ya mawasiliano niliyowahi kuhudhuria, na inasimuliwa kana kwamba msemaji alikuwepo Chicago Septemba 26, 1960, wagombea hao wawili wa urais wa Marekani walipokutana. Inayojulikana kwa hakika ni hii: watu wapatao milioni 70 walitazama. Richard Nixon alikuwa ametoka hospitalini kwa maradhi ya goti, amekonda, jasho linamtoka. John Kennedy alikuwa amepigwa na jua akapendeza.

Ile habari ya redio, ukiifuatilia hadi mwanzo wake, inategemea zaidi utafiti mmoja wa kampuni ya Sindlinger, ambamo wasikilizaji wa redio walikuwa watu 282 tu. Na hata hao hawakuwa sawa na watazamaji. Mwaka 1960 nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na runinga. Waliobaki na redio wengi wao walikuwa watu wa mashambani, Waprotestanti, ambao wangeelekea kwa Nixon hata kama mdahalo usingefanyika, hasa mpinzani wake akiwa Mkatoliki. Watafiti wawili walioipitia upya mwaka 1987 waliona ushahidi wenyewe hautoshi.

Sisemi sura haina kazi. Inayo, na jasho la Nixon lilionekana na wote. Ninachokataa ni kuufanya usiku mmoja wenye mambo mengi kuwa kisa cha jasho na poda. Kulikuwa na midahalo mitatu mingine baada ya huo, Nixon akiwa amenenepa kidogo na kupakwa vipodozi, na tofauti ya kura nchi nzima haikufika hata nusu ya asilimia moja. Kwenye tofauti ndogo kiasi hicho, kila mtu anaweza kudai kuwa jambo lake ndilo lililoamua.

"Nimetazama mwenyewe, hakuna aliyeniambia"

Oktoba 6, 1976, Rais Gerald Ford wa Marekani alisema katika mdahalo kwamba Ulaya Mashariki haiko chini ya utawala wa Kisovieti. Waliopigiwa simu usiku uleule, wengi walimwona Ford kafanya vizuri kuliko mpinzani wake, Jimmy Carter. Kesho yake magazeti na runinga zikairudia ile kauli kutwa nzima, na waliohojiwa jioni wakampa Carter ushindi kwa wingi. Mdahalo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kilichorudiwa.

Kwetu kazi hiyo hufanywa na vipande vya video vya nusu dakika. Muulize aliyetazama Brookhouse anakumbuka nini: atakwambia kijembe cha Raila kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague, kwa sababu ya kesi ya Uhuru huko, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Usiku uleule waliulizwa kuhusu ukabila, usalama, afya na elimu. Muulize nani alisema nini kuhusu afya.

"Kura za maoni zimeonyesha taifa limesema nini"

Zimeonyesha waliotazama wamesema nini. Baada ya mdahalo wa Septemba 2016, CNN ilipata asilimia 62 kwa Hillary Clinton na 27 kwa Donald Trump, lakini wenyewe walieleza kuwa asilimia 41 ya waliohojiwa walikuwa Wademokrati, watu wa chama cha Clinton, na 26 Warepublican, wa chama cha Trump. Zile za kubofya mtandaoni hata hazistahili aya yake.

"Anaongea vizuri huyu"

Midahalo ya Kenya huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, na hapa ndipo sisi walimu tunapokosea kuliko watu wote, maana tumezoea kumpa alama anayetiririka. Siku hizi nakunja karatasi katikati. Kushoto naandika swali kama lilivyoulizwa. Kulia naandika jibu kwa maneno yangu, yasiyozidi mstari mmoja. Mara nyingi upande wa kulia hubaki na neno moja, "tutahakikisha", na aliyelisema ndiye sebule nzima iliyempigia makofi. Takwimu naiwekea duara, niihakiki kesho, kwa sababu mgombea anayetaja asilimia kwa kujiamini hunidanganya hata mimi.

"Basi ni maigizo tu"

Joe Biden angewaambia vingine. Juni 27, 2024, huko Atlanta, akiwa rais na akijadiliana na Trump, alipoteza mtiririko wa maneno mbele ya watazamaji wapatao milioni 51, na siku 24 baadaye akajiondoa kwenye kinyang'anyiro. Hakuna mpiga kura aliyemtoa. Walioingiwa na hofu ni viongozi na wafadhili wa chama chake. Kamala Harris akachukua nafasi, akakutana na Trump Septemba 10 huko Philadelphia, na asilimia 63 ya watazamaji waliohojiwa na CNN wakasema ameshinda. Novemba, Trump akachaguliwa kuwa rais.