Umeokoa hela ngapi, na iko wapi kwenye vitabu?

Kila mwisho wa mwaka idara ya manunuzi inapeleka ripoti kwa mabosi, tumeokoa milioni 40, halafu mtu wa fedha anauliza swali moja tu, hiyo milioni 40 mbona siioni kwenye vitabu vya hesabu? Kimya. Nimekaa kwenye vikao vya hivyo vingi na huwa inaniuma, maana kazi imefanyika kweli ila haikupimwa vizuri.

Shida inaanzia kwenye bei ya kulinganishia. Wengi wanachukua kotesheni ya kwanza ya saplaya, wanatoa bei ya mwisho, tofauti ndo wanaiita akiba. Hapana jamani, saplaya anajua utaomba punguzo kwa hiyo anaanzia juu. Mimi nalinganisha na bei tuliyolipa mara ya mwisho, na kama soko limepanda au limeshuka tunakubaliana na watu wa fedha tutalihesabuje, na hayo yaandikwe KABLA hamjakaa mezani na saplaya.

Chukua katriji za printa. Umeshusha bei kutoka 1,000 hadi 880, mnatumia 5,000 kwa mwaka, kwenye karatasi umeokoa 600,000. Sasa mwaka ukiisha kaa na invoisi, pitia moja moja. Unakuta zilizonunuliwa kwa mkataba ni 3,000, hizo 2,000 zingine watu wa matawi wamejinunulia wenyewe kwa bei ileile ya zamani. Umeokoa 360,000, basi. Ile 240,000 iliyovuja ndo mimi huanza nayo mwaka unaofuata, maana bei nzuri tayari unayo, kilichobaki ni kuwafanya watu waitumie.

Saplaya akitaka kupandisha 15% ukamshusha hadi 5%, hiyo 10% ina thamani ila vitabu vitaonyesha gharama imepanda. Iandike peke yake kama gharama iliyoepukwa, usiichanganye na akiba hata siku moja, ukichanganya mara moja tu watu wa fedha hawatakuamini tena. Halafu kama bajeti ya idara husika haikupunguzwa, hela uliyookoa itatumika kwingine na faida haitasogea.

Mabosi wakiona akiba ya milioni 1 ni ndogo waonyeshe hesabu hii: kampuni yenye faida ya 10% ya mauzo inabidi iuze milioni 10 ndo ipate hiyo milioni 1.

Muda wa kulipa nao wengi wanausahau. Manunuzi ya milioni 365 kwa mwaka, ukitoka kulipa kwa siku 30 ukaenda 60, milioni 30 zinabaki mkononi, na kama mnakopa kwa riba ya 12% hiyo ni milioni 3.6 kwa mwaka. Ila kwa saplaya mdogo mimi sifanyi hivyo, anakopa ili akuhudumie na ile riba yake utaikuta kwenye kotesheni inayofuata.