Volgarizzamento: Wagiriki kwa Kitaliano cha nyumbani

Volgarizzamento ni neno la Kitaliano: kukitoa kitabu katika lugha ya wasomi na kukitia katika lugha inayosemwa nyumbani na sokoni. Mzizi wake ni vulgus, neno la Kilatini kwa watu wa kawaida. Katika Italia ya karne ya 15, lugha ya wasomi ilikuwa Kilatini. Kigiriki walikijua wachache zaidi, hata baada ya Manuel Chrysoloras wa Konstantinopoli kuanza kukifundisha Florence mwaka 1397.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tukisikia kwamba Herodoto, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, alisomwa kwa Kitaliano, tunadhani mfasiri alikuwa na Kigiriki mbele yake. Mara nyingi hakuwa nacho. Lorenzo Valla, msomi wa Italia, alimfasiri Herodoto kwa Kilatini katika miaka ya 1450. Baadaye Matteo Maria Boiardo, mshairi, akakichukua Kilatini hicho na kukigeuza Kitaliano kwa ajili ya Ercole d'Este, mtawala wa Ferrara aliyependa historia ilhali Kilatini kilimpa taabu. Boiardo alifariki 1494. Kazi yake haikuchapwa hadi 1533, huko Venice; kabla ya hapo ilisomwa katika nakala za mkono.

Kwa hiyo anayelinganisha muswada wa namna hii na Kigiriki, akakuta sentensi imepotea, asimlaumu mfasiri wa Kitaliano upesi. Aanze na Kilatini kilichokuwa katikati.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa baba na mwana. Poggio Bracciolini, msomi wa Florence, alifasiri kwa Kilatini kitabu cha Ksenofoni, mwandishi wa Ugiriki ya kale, juu ya maisha ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, yule yule tunayemsoma katika Biblia. Hakukifuata neno kwa neno: alikata na kufupisha, sehemu 8 zikawa 6. Mwanawe Jacopo ndiye aliyekitia Kilatini hicho katika Kitoskana, lugha ya mji wao. Msomaji wa Florence akampata Koreshi kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, lakini ni Koreshi aliyekwisha kupita chini ya mkasi wa Poggio.

Jacopo alinyongwa mwaka 1478 kwa kushiriki njama ya ukoo wa Pazzi dhidi ya ndugu wawili wa ukoo wa Medici, uliotawala Florence. Tafsiri yake ilichapwa Florence mwaka 1521, ikiwa na jina lake pamoja na la baba yake.